Mti wa Dawa ni Amana ya Mwenyezi Mungu

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Aliyeiumba ardhi na kuivika mimea ya kila namna, mingine iwe chakula, mingine iwe kivuli, na mingine iwe dawa kwa waja Wake wagonjwa. Na twamwomba Amshushie rehema na amani Mtume wetu mpenzi, Seyidna Muhammad s.a.w., aliyewafundisha watu kumtegemea Mungu bila ya kuzitupa njia Alizoziweka.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, liko swali ambalo huulizwa na ndugu walioingia karibuni katika Uislamu, na hali kadhalika na wale ambao bado wanaichunguza dini hii. Wao husema: Wazee wetu walitibu maradhi kwa mizizi, magome na majani, na aghalabu tiba hizo zilifungamana na mizimu, matambiko, ramli na hirizi. Je, mtu aachaye mizimu yampasa aiache na miti pia? Na yale machaka ambayo babu zetu walikataza yasikatwe kwa kuwa ni makao ya mizimu, je, sasa tuyafyeke ili kuonyesha kuwa hatuyaogopi tena?

Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Jibu lake halibaki midomoni tu, bali hufuatwa na panga na shoka. Tukijibu vibaya, mti uliochukua miaka mingi kukua utaanguka kwa asubuhi moja, na pamoja nao itapotea dawa ambayo pengine wajukuu wetu wataihitaji. Basi na tulitazame swali hili kwa utulivu, kwa nuru ya mafundisho ya Uislamu.

Mponyaji ni Mungu, mti ni sababu

Jambo la kwanza lipasalo kueleweka ni kwamba mti hauna uwezo wowote kwa nafsi yake. Mponyaji ni Mwenyezi Mungu peke Yake. Walakini Yeye kwa hekima Yake ameweka sababu, na moja katika sababu hizo ni mimea. Kurani Tukufu, katika Sura ya Nyuki, inatueleza jinsi mdudu huyo mdogo alivyoongozwa na Mola wake kujenga nyumba milimani na mitini, na kula katika matunda, na jinsi kinywaji kitokacho matumboni mwake kilivyotiwa ponyo kwa wanadamu. Mwenye kutafakari ataona kuwa asali haitoki hewani, bali hutoka katika maua ya porini. Pori likiisha, maua yamekwisha. Na maua yakiisha, ponyo hilo nalo limeondoka.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliulizwa na mabedui kama inafaa watu wajitibu. Akawaamuru wajitibu, na akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa wowote ila ameuwekea na dawa yake, isipokuwa uzee. Katika mafundisho haya mna mambo mawili makubwa. La kwanza, kutafuta dawa si upungufu wa imani. La pili, ikiwa kila ugonjwa una dawa, na baadhi ya dawa hizo zimo katika mimea ambayo bado haijachunguzwa, basi kuangamiza aina ya mmea pasipo haja ni kama kuichoma barua kabla ya kuisoma.

Lakini Mtume huyo huyo s.a.w. alikataza hirizi, na akakataza kumwendea mpiga ramli. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba Uislamu unatenganisha vitu viwili ambavyo watu wamezoea kuvifunga katika furushi moja. Gome la mti lichemshwalo na kunywewa kwa kipimo ni dawa. Gome hilo hilo lifungwalo mkononi ili lizuie uchawi ni ushirikina. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni itikadi. Basi Mwislamu huyaacha maagano na mizimu, wala hauchukii mti uliosingiziwa.

Kutotenganisha mambo haya kumeleta balaa katika nchi yetu. Katika mikoa ya kanda ya Ziwa, wapiga ramli waliwadanganya watu kwamba viungo vya ndugu zetu wenye ualbino vinaleta utajiri, na damu isiyo na hatia ikamwagika. Mnamo Januari 2009 Serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Hivyo hata mzee mnyofu aliyetibu kikohozi kwa majani aliingizwa katika aibu ya wauaji. Ramli iliiharibia mitishamba jina lake. Anayetaka kuiokoa tiba ya miti, na aanze kwa kuitenga na ramli.

Miti iliyolindwa na hofu

Sasa na tutazame yale machaka. Katika nchi ya Serengeti, miongoni mwa Wangoreme, Waikoma, Wanata na wenzao, kulikuwa tangu zamani na mahali palipoheshimiwa: chemchemi, vilima na vichaka ambamo iliaminiwa kuwa mna mizimu ya nchi, iitwayo emisambwa kwa lugha za huko. Mtu hakukata kuni pale, wala hakuchoma moto. Baadhi ya mahali hapo pamebaki ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na katika mapori ya akiba yanayopakana nayo. Pengine pamebaki katikati ya vijiji na mashamba.

Sisi hatuamini kuwa kuna mzimu katika chemchemi. Hata hivyo yatupasa kukiri ukweli: itikadi ile, ingawa msingi wake haukuwa sahihi, ilizaa tunda moja jema, nalo ni kuhifadhika kwa miti, maji na mimea ya dawa. Watu waliogopa, na kwa kuogopa wakaacha.

Je, hutokea nini hofu hiyo iondokapo? Anayeondokewa na hofu ya mizimu, asipate hofu ya Mungu mahali pake, huona kichaka kile kuwa ni kuni za bure na mkaa wa kuuza. Hapo ndipo ulipo mtihani wetu. Dini iliyomvua mtu woga wa uongo ina wajibu wa kumvika uaminifu wa kweli. Kama kijiji kiliyatunza maji yake kilipokuwa kikiamini mizimu, kisha kikayaharibu baada ya kumwamini Mungu Mmoja, watu watasema nini juu ya imani hiyo mpya? Hakika watasema: Mizimu ilikuwa mlinzi bora kuliko Mungu wenu. Mwenyezi Mungu atuepushe na kuwa sababu ya maneno kama hayo.

Na Uislamu haukutuacha bila ya mfano. Mtume Mtukufu s.a.w. aliutangaza mji wa Madina na viunga vyake kuwa eneo takatifu, ambamo miti isikatwe na wanyama wa mwituni wasiwindwe. Hakusema kuwa mna mizimu itakayowadhuru wakataji. Alisema kwa amri ya Mungu, na waumini wakatii kwa kumcha Mungu. Basi kumbe inawezekana kabisa kulinda kichaka bila ya kukiabudu.

Je, Seyidna Umar r.a. hakukata mti?

Huenda mtu akatupinga akisema: Imepokewa katika baadhi ya habari kuwa Seyidna Umar r.a. aliamuru ukatwe mti ulioaminiwa kuwa ndipo Masahaba walipofunga ahadi na Mtume s.a.w. huko Hudaibiya, kwa sababu watu walianza kuutukuza. Je, huo si ushahidi kwamba machaka ya mizimu yakatwe?

Jibu letu ni kwamba, kwa mujibu wa habari hizo, ulikatwa mti mmoja, na kwa sababu moja, ili watu wasiuabudu. Haikuamriwa kufyeka bonde zima. Na Khalifa huyo huyo alikuwa na malisho yaliyotengwa na kulindwa kwa faida ya umma, yaitwayo hima. Alipomweka msimamizi wa hima, alimwagiza awaruhusu waingie wale wenye ngamia wachache na kondoo wachache, kwa kuwa maskini huyo mifugo yake ikifa hana pa kushika. Tazama hekima iliyoje! Uhifadhi na huruma vilikwenda pamoja. Mahali palilindwa, lakini mnyonge hakusahauliwa.

Mafundisho haya yanahitajiwa sana Mara. Sheria inakataza kukata au kuchimba mimea ndani ya Hifadhi ya Taifa, na sheria hiyo yatupasa kuitii. Lakini mzee ambaye dawa zake alizichuma huko ujanani mwake, leo atazipata wapi? Akivuka mpaka kwa siri, anavunja sheria. Akikaa nyumbani, mgonjwa wake anakosa dawa. Njia iliyo halali na yenye heshima ni moja: apewe mbegu na miche, na pawepo mahali kijijini ambapo mimea hiyo itapandwa. Hapo ndipo tunapofikia habari ya bustani za mimea.

Bustani zilizozaliwa na tiba

Wengi hudhani bustani ya mimea ni mahali pa kupunga upepo na kutazama maua. La hasha! Asili yake ni tiba. Bustani ya Padova, nchini Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kuzitambua mimea za dawa wasije wakampa mgonjwa sumu kwa kukosea jani; na hadi leo ipo pale pale. Kabla ya hapo, katika Andalusia ya Waislamu, wataalamu walikuwa wakipanda na kuchunguza mimea ya dawa katika bustani za watawala. Mmoja wa wataalamu waliotoka katika nchi hiyo ni Ibn al-Baitar, mzaliwa wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248. Alisafiri nchi nyingi akikusanya mimea, kisha akaandika kitabu chenye dawa na vyakula vipatavyo 1,400, akivipanga kwa taratibu ya herufi.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Amani, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti chenye bustani ya mimea ya karibu hekta 300. Waliianzisha kwa manufaa ya utawala wao, lakini tukio moja linatufundisha. Ilipozuka Vita Kuu ya mwaka 1914, njia za baharini zilifungwa na dawa zikaacha kuja kutoka Ulaya. Hapo magome ya miti ya kwinini iliyokuwa imepandwa Amani yakatumika kutengenezea dawa ya malaria kwa askari. Mti uliopandwa siku za amani ndio uliowafaa siku za dhiki. Asiyepanda leo, siku ya haja atakuta shimo.

Katika Tanzania huru, kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974, na sasa ni Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka Baraza la kuwasajili watoa tiba hiyo. Kwa hiyo mganga wa mitishamba aliye mkweli hana tena sababu ya kujificha. Mlango wa halali umefunguliwa.

Gome lililobanduliwa pande zote

Yatupasa pia tufahamu jinsi mti wa dawa unavyokufa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi mizizini kwa njia ya gome la ndani. Mtu akibandua gome kidogo upande mmoja, mti huweza kupona kidonda chake. Lakini akilibandua kuuzunguka mti wote, mizizi hukosa chakula, na mti hufa ukiwa umesimama. Vivyo hivyo, anayechuma majani huuacha mti hai. Anayechimba mzizi mkuu amechukua mti wenyewe.

Uko mti wa milimani ambao wataalamu huuita Prunus africana, unaoota Kilimanjaro, Kenya, Kamerun na nchi nyingine za Afrika. Tangu miaka ya 1960 magome yake yametengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya. Biashara ilipokua, watu wenye pupa waliichuna miti pande zote, au wakaikata kabisa, hata mti huo ukawekwa mwaka 1995 katika orodha ya mimea ambayo biashara yake inasimamiwa na mkataba wa mataifa. Mti haukuhatarishwa na wagonjwa. Ulihatarishwa na tamaa. Na tamaa ni ugonjwa usiotibiwa kwa gome lolote, bali kwa kumcha Mungu.

Funzo la Loliondo

Wasomaji wetu wa Mara wanakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ng'ambo ya Serengeti. Hapo Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Dawa hiyo ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti uitwao mugariga, ambao ni wa jamii ya mtandamboo. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walikufa njiani, na wengine waliacha dawa walizopewa hospitalini wakidhani hawazihitaji tena.

Hatusimulii haya ili kumdhihaki mtu. Umati ule ulionyesha jinsi wananchi wanavyoteseka na maradhi, na jinsi wanavyotamani dawa iliyo nafuu. Lakini twajifunza mambo mawili. Kwanza, mti unaotakiwa na maelfu ya watu kwa mara moja, na ambao mizizi yake ndiyo dawa, hauwezi kudumu usipopandwa. Pili, kuacha dawa iliyothibitishwa kwa ajili ya dawa isiyothibitishwa si imani. Mtume s.a.w. alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mungu. Mwenye malaria, kifua kikuu, kisukari au virusi vya UKIMWI, kumfunga ngamia kwake ni kwenda hospitali na kufuata dawa zake. Wala asichanganye mitishamba na dawa hizo pasipo kumweleza daktari, kwa maana majani nayo yana nguvu, na chenye nguvu ya kuponya huweza pia kudhuru.

Yatupasayo kutenda

Basi jibu la swali letu ni hili: tuache mizimu, tusiache miti. Na ili maneno haya yasiwe maneno matupu, kila jumuiya ya waumini na kila kijiji katika Tarime na Serengeti kinaweza kufanya mambo haya.

Kwanza, patengwe kipande cha ardhi, hata kama ni robo eka kando ya msikiti, shule au zahanati, kizungushiwe ua wa miti na kipandwe mimea ya dawa ya mahali pale. Nyanda za juu za Tarime zina mvua na ubaridi, ilhali sehemu kubwa ya Serengeti ni tambarare zenye joto na ukame. Kinachoota huku huenda kisiote kule. Kwa hiyo bustani moja haitoshi. Kila upande uwe na yake, na wabadilishane mbegu.

Pili, kila mmea uwekewe kibao chenye majina matatu: jina la lugha ya mahali, jina la Kiswahili, na jina la kitaalamu. Mmea mmoja una majina mengi, na jina moja hupewa mimea mingi; kukosea jina ni kukosea dawa.

Tatu, elimu ya wazee iandikwe wakiwa hai. Waganga wengi huifanya elimu yao kuwa siri, wakamfundisha mtoto mmoja tu. Na mtoto huyo akienda mjini, elimu inazikwa pamoja na baba yake. Mtume s.a.w. ametuonya vikali juu ya mtu anayeulizwa elimu akaificha. Walakini mwenye elimu apewe haki yake, jina lake litajwe, wala asidhulumiwe na mfanyabiashara atakayekuja kununua siri ya ukoo kwa bei ya soda.

Nne, vichaka na chemchemi zilizolindwa na babu zetu ziendelee kulindwa kwa makubaliano ya kijiji, mbele ya serikali ya kijiji, pasipo tambiko wala kuchinja kwa ajili ya mizimu. Mwislamu awe wa kwanza kushika jembe la kuzungushia ua mahali hapo, ili watu waone kwamba imani yake imemfanya kuwa mlinzi mwaminifu zaidi.

Tano, achukuaye dawa porini panaporuhusiwa na achukue kwa kiasi: jani kabla ya gome, gome kabla ya mzizi, na kwa kila mti anaoutumia, apande mwingine.

Ndugu msomaji, Mtume wetu mpenzi s.a.w. alifundisha kuwa Mwislamu apandapo mti, kisha mwanadamu, mnyama au ndege akala humo, basi huandikiwa sadaka. Na tena alifundisha kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Ikiwa mti wa matunda una thawabu hiyo, je, mti ambao mgonjwa asiyekujua, wa kabila jingine au dini nyingine, atakuja kuchuma jani lake baada ya wewe kuingia kaburini? Huyo hatakuuliza ulikuwa nani. Lakini Mwenye amana Anakujua.

Ewe Mola wetu, Mponyaji wa kweli, tuondolee woga wa visivyo na uwezo, na utie mioyoni mwetu kukucha Wewe peke Yako. Waponye wagonjwa wetu, ibariki mikono ya wauguzi na wapandaji, na utujalie kuwarithisha watoto wetu ardhi iliyo bora kuliko tuliyoipokea. Amin.